Njia ya Mbio Iliyopita Kinamasini

Juma lililopita tulimzika Onchari, na nimerudi nyumbani nimechoka kuliko waliochimba kaburi, ingawa mimi sikushika hata koleo. Kwa umri huu, kuketi kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi mpaka jua linaegemea ni kazi ya kutosha. Walisoma maisha yake kwenye kipaza sauti: alizaliwa, akabatizwa mtoni, akaingia jeshini, akakimbia Nakuru, akakimbia Nairobi, akapanda ndege akakimbia kwa Wazungu, akastaafu, akafuga ng'ombe wa gredi, akaugua. Kati ya mto na jeshi hapakuwa na kitu. Mtu anatoka majini amelowa, mara amevaa buti. Nilikuwa nimekaa nyuma ya wazee wa kanisa lao nikajiuliza, haya, na ule mwaka wa kinamasi mmeutupa wapi? Nilipomwambia mjukuu wangu, akanijibu, babu, andika basi. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na kalamu huniuma vidole kuliko jembe. Nitaandika tu. Nikipotea, mnisubiri, huwa narudi.

Sitaanza na babu yangu alitoka wapi, hayo waulizeni wenye kupenda hayo. Miaka ya sabini ilikuwa ndiyo imeanza. Kila kilima cha kwetu kilikuwa na mtu wake anayekimbia, na redio ikitaja Mkisii ameshinda mahali, hata mabibi waliokuwa wakichuma majani chai walisimama wima kusikiliza. Siku moja Mwalimu Ratemo, aliyekuwa akifundisha michezo katika shule yetu ya msingi ng'ambo ya Ekerenyo, alisimama baada ya misa akasema mbio za nyika za lokesheni nzima zitafanyika kwetu, mradi tutengeneze njia na tuitunze mpaka siku yenyewe. Siku ya pili yake, hapana, ilikuwa Jumamosi iliyofuata, akaenda kusema maneno yayo hayo kwa Wasabato. Akaongeza kwamba atakuja afande kutoka jeshini kutazama, na akimpenda mtu atamchukua. Mtu mmoja. Alinyoosha kidole kimoja juu, na mimi nilikiona kidole kile nikilala na nikiamka.

Nieleze kwa nini. Shamba la baba lilikuwa limegawanywa kwa ndugu zangu mpaka sehemu yangu ikawa nyembamba kama mshipi. Ukisimama katikati ukanyoosha mikono, mkono huu uko kwa kaka yako na ule uko kwa jirani. Nilikuwa nachuma chai ya watu. Kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho hakuna ndugu angeweza kukigawa ni hii miguu. Kila mtu kilimani alijua kwamba wanaokimbia kweli ni wawili, mimi na Onchari wa upande wa chini. Yeye alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, mtoto wa mzee wa kanisa la Sabato, na tulipofanya mazoezi leo alinishinda, kesho nilimshinda. Basi kile kidole kimoja kilikuwa chake au changu.

Njia ilitoka uwanja wa shule, ikashuka kati ya chai, ikapita migombani mwa watu, ikafika bondeni penye kinamasi, ikapanda kwenye mikaratusi na kurudi. Tuliitengeneza kwa risaga. Kwetu risaga ni majirani kukusanyika wakamlimia mmoja wao, na mwenye shamba anawalisha. Sasa njia haina mwenyewe wa kulisha, kwa hiyo kila boma lililopitiwa lilijitolea kupika. Shida ilikuwa siku. Wasabato hawashiki jembe Jumamosi, sisi Wakatoliki hatushiki Jumapili, na siku nyingine zote watu wako kwenye chai. Ikawa risaga mbili. Ya kwetu Jumamosi, yenye pombe ya wimbi ndani ya chungu na kelele nyingi. Ya kwao Jumapili, yenye chai ya maziwa na viazi vitamu, na nyimbo. Watu wetu walikuwa wakienda nyumbani wakiyumba, watu wao wakiwa wamenyooka, lakini kusema kweli kazi ilikuwa sawasawa. Mwalimu Ratemo alinipa mimi sehemu ya kinamasi siku yetu, na siku yao akampa Onchari. Alidhani anatupendelea, kila mmoja aizoee sehemu ngumu.

Mimi niliamini kinamasi dawa yake ni mtaro. Nikaingia maji ya magoti, nikachimba upande wa juu, nikayatoa maji yakaenda mtoni, nikaacha kijia kikavu. Jumamosi iliyofuata nakuta mtaro wangu umejazwa mawe na nyasi. Nikafukua. Jumamosi nyingine, umejazwa tena, safari hii na matofali mabovu juu yake. Nikafukua kwa hasira. Nilikuwa na hakika Onchari anaifanya njia imshinde mtu mmoja tu, mimi. Yeye naye, nilikuja kujua, alikuwa nyumbani kwao akisema yuko Mkatoliki anayetegea watu mashimo. Hatukuwa tunaonana. Tuligombana kwa jembe, siku yangu na siku yake, na katikati usiku mmoja tu.

Na mvua nayo ikatuchezea. Kwetu mvua haikosi, mgeni akifika hudhani mbingu zinavuja. Mwaka ule mwezi wa tatu ulikuja mkavu. Njia ikawa ngumu kama barabara, Mwalimu akatangaza siku. Jioni ya kuamkia siku hiyo ikanyesha mvua ya mawe, ikapasua majani ya migomba yakawa kama nywele za kichaa, na bondeni pakawa ziwa. Mbio zikaahirishwa. Tukatengeneza upya. Kisha mvua ikapotea kabisa, watu wakaanza kushusha ng'ombe kinamasini kutafuta maji, na kwato zikaisaga njia yote. Mbio zikaahirishwa. Tukatengeneza upya. Halafu mwezi wa sita, wakati maua ya pareto yanatakiwa yaanikwe juani, ikaanza kunyesha kila alasiri kama iliyokuwa inalipiza. Kila ulichokifanya asubuhi, jioni kilikuwa kimeondoka. Nimeona taabu nyingine tangu wakati huo, nimezika watoto, chai yangu imeunguzwa na baridi, lakini uchovu wa kufanya kazi isiyobaki niliujulia pale. Mtu anayelima anaona mahindi. Sisi tulikuwa tunaona Jumamosi nyingine.

Watu wakaanza kupungua. Kwanza waliacha kuja wanaokuja kwa ajili ya pombe, kwa sababu wimbi liliisha. Halafu wakaacha wanaokuja kwa ajili ya wenzao. Nilikuwa nimekaa jikoni kwa mama, miguu ndani ya maji moto ya chumvi, nikiwasikia mama na shangazi Bosibori wakizungumza kana kwamba mimi ni chungu. Jiko la mama lilikuwa jeusi kwa moshi mpaka huwezi kujua ukuta unaishia wapi, na pale ndipo yalipokuwa yakisemwa yote ya kilima. Shangazi alikuwa akichambua chinsaga, ile mboga chungu yetu, na maneno yake hayakupungua na mboga.

"Wamebaki wangapi?" mama akauliza.

"Huyu wako, na yule wa Wasabato. Wengine wamesema Mungu akitaka watu wakimbie atafunga bomba."

"Na huyu hataki kusikia. Hebu tazama miguu hii, Bosibori. Hii ni ya mtu au ya chura?"

Shangazi akainama na kibatari akatazama kati ya vidole vyangu. "Wacha kumtukana chura. Chura ana ngozi."

Wakacheka mpaka shangazi akamwaga mboga. Kisha mama akaacha kucheka ghafla, akaninyanyua mguu kwa mkono wake mmoja kama anayepima ndizi. Ngozi kati ya vidole ilikuwa nyeupe, imepasuka, inatoa maji. Akaniita tata, kama akina mama wa kwetu wanavyowaita watoto wao wa kiume. "Tata," akasema, "hiyo njia itakula wewe kabla hujaikimbia." Nikamwambia itakauka. Akanipaka mafuta ya taa, nikauma meno, na kesho yake nikaenda tena.

Jumapili moja nilishindwa kuvumilia. Nikatoka kanisani na nguo zangu za misa, nikashuka bondeni. Nikamkuta Onchari peke yake, amekalia jiwe ukingoni, suruali imekunjwa, karai la mawe miguuni, anakula kiazi kitamu kilichopoa. Hakuna mtu mwingine wa risaga yao aliyekuja.

"Wewe ndiye unayefukia," nikamwambia.

"Na wewe ndiye unayechimba. Karibu kiazi."

"Sikuja kula. Unafukia ili iweje?"

"Ili watu wapite. Maji ukiyachimbia yanakuja mengi, yanadhani umeyaita."

"Na ukiyawekea mawe yanaenda wapi, kanisani?"

"Yakienda kanisani yatafika Jumamosi, siku yenyewe, si kama wengine."

Nilitaka kumpiga, nikajikuta nacheka, kwa sababu alisema akiwa na kiazi shavuni na uso wa kipadri. Akasogea kwenye jiwe, nikakaa. Tukavitazama vile tulivyotengeneza. Nilipoyaangalia mawe yake vizuri nikaona yamepangwa mbali mbali, umbali wa mruko wake. Mimi wa kimo changu ningehitaji mbawa. Nikamwambia. Akaangalia kijia changu kilichobaki kando ya mtaro, chembamba, cha kuchapia hatua fupifupi. "Na hapa mguu wangu utakaa wapi?" akauliza. "Nitauweka mfukoni?" Ndipo tukaelewa kwamba miezi ile yote kila mmoja alikuwa akijitengenezea miguu yake, halafu anamlaumu mwenzake kwa kumharibia. Tukakubaliana pale pale: upande wa juu wangu, wa chini wake, asiguse mtaro, nisiguse mawe. Nilimaliza kiazi chake.

Nilipovua viatu nivuke kurudi, akaiona miguu. Halafu akasema, "Makori, mwana wa mama, usisimame tena kwenye maji hayo. Unaoza. Mimi napanga mawe nikiwa ukingoni, wewe unashinda ndani. Pumzika Jumamosi mbili, mtaro nitakuangalizia." Nikamshukuru kwa mdomo. Nikipanda kilima nikajisemea, huyu ni mjanja kumbe, anataka nikae nyumbani ninenepe, yeye aizoee njia. Jumamosi iliyofuata nilikuwa ndani ya maji kabla jua halijachomoza vizuri, na iliyofuata pia. Hata leo nikisikia mtu ananihurumia, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuangalia anapata nini. Si tabia nzuri, lakini nimezeeka nayo.

Siku ya mbio ilipofika hatimaye, ilikuwa imepita juma zima bila mvua, na hakuna aliyeamini. Watu walikuja kutoka Nyansiongo na kutoka kule Nyamarambe, wengine kwa miguu, wanawake wamebeba mabuyu ya maziwa lala kichwani. Tulikimbia miguu mitupu, karibu sote. Sitawachosha na mbio zenyewe, mbio ni kupumua tu. Nilimtangulia Onchari kwenye chai, akanipita migombani. Kinamasini watu husema nilipita kwenye mawe yake. Mimi sikumbuki nilipita wapi, nakumbuka tu vidole vinawaka kama vimeshikwa na siafu, na mgongo wake mbele yangu. Kwenye mikaratusi mgongo ule ukaanza kuwa mkubwa. Nikamfikia penye kona, tukapanda bega kwa bega, nikasikia mama akipiga kigelegele kabla sijauona uwanja, na nikamwacha. Nilifika wa kwanza. Wanaume walinibeba. Shangazi Bosibori aliniimbia wimbo alioutunga hapo hapo, wenye matusi ndani yake kwa Wasabato, na Wasabato wenyewe wakaupigia makofi.

Afande alituita darasani, sisi wawili wa kwanza, na Mwalimu Ratemo. Darasa lilinukia chaki na viazi, kwa sababu ndimo akina mama walimokuwa wameweka chakula cha wageni. Alikuwa mtu mpole, si mtu wa kufoka, nasema hivyo ili asije mtu akamchukia. Alitutazama macho, meno, akatugonga kifua. Kisha akasema tukae juu ya dawati tunyooshe miguu. Ya Onchari aliigeuza mara moja akaiacha. Ya kwangu aliishika, akaivuta kwenye mwanga wa dirisha, akatenganisha vidole. Damu ilikuwa imechanganyika na vumbi. Akanusa. Akaongea Kizungu na Mwalimu, na Mwalimu akaangalia chini.

"Kijana," afande akaniambia kwa Kiswahili, "umekimbia vizuri sana. Lakini mguu huu nikiutia kwenye buti, utaishia hospitali."

"Utapona, afande," nikasema.

"Najua utapona. Lakini lori linaondoka wiki ijayo, na nina nafasi moja."

Mara nikamsikia Onchari, yule asiyesema, amesimama.

"Afande, huyu ameoza akichimba njia hii. Tangu mwezi wa tatu. Kama si yeye leo kusingekuwa na mbio."

Afande akamtazama, akanitazama, na nadhani alisikitika kweli. "Nimeamini," akasema. "Lakini sikutumwa kuchukua wachimba njia." Akamwuliza Onchari jina la baba yake.

Siku ya mazishi, pale kaburini, kijana mkubwa wa Onchari alinishika mkono, akaniambia, mzee Makori, baba alikuwa akituambia yuko mtu mmoja nyumbani aliyemshinda na hakuwahi kumlipa. Nikamwambia baba yako alikuwa na mdomo mtamu. Watu walikuwa wakipita wakitupa udongo. Nilitaka kumwambia kwamba baba yake alinionya na mimi nikamdhania hila, lakini kipaza sauti kilikuwa kinapiga kelele na mtoto wa watu alikuwa analia.

Siku chache baada ya mbio Onchari alikuja kuniaga. Mama alimkaribisha jikoni, akampa ugali wa wimbi na maziwa, na akamtazama akila kwa namna ambayo sikuipenda, kama anayehesabu meno. Alikula haraka. Alikuwa na viatu vipya ambavyo watu wa kanisa lao walimchangia, na hakujua aiweke wapi miguu yake, alikuwa akiificha chini ya kigoda. Nilikuwa nimefungwa matambara, nimepakwa dawa ya zambarau ya zahanati.

"Ningekuachia hii nafasi," akasema, "kama ingekuwa kitu cha kuachiwa."

"Haiachiki. Nenda."

"Umekasirika?"

"Nimechoka, Onchari. Nikipumzika nitakuambia kama nimekasirika."

Akacheka kidogo, akainuka, akagonga kichwa kwenye boriti ya mlango kama kawaida ya watu warefu, na akaenda. Mama alifuta kigoda alichokuwa amekalia. "Mtoto mzuri," akasema, kisha akaingia chumba cha nyuma, na nikamsikia akipenga kamasi.

Afande hakukosea. Miguu ilipona. Vidonda vilikauka kabla chai haijarudia kuchipua vizuri, ngozi mpya ikaota ya rangi ya waridi, laini kama ya mtoto, nami nikawa natembea nikisikia kila jani. Asubuhi moja niliamka mwepesi. Mvua ilikuwa imetulia, umande umelala, na mwili wote ulikuwa unaniomba. Sikumwambia mtu. Nikaenda mpaka uwanja wa shule, nikasimama pale ilipokuwa kamba ya kuanzia mbio, nikaanza. Sijawahi kukimbia vile tena maishani. Kati ya chai nilikuwa sigusi chini. Migombani ua ulikuwa umeanza kuziba njia, nikapita kwa ubavu bila kupunguza mwendo, na nikasema moyoni, kama yule afande angekuwa amesimama hapa leo na saa yake.

Nilipofika mteremko wa bondeni nikamkuta mama mmoja jirani yetu ameinama analima, juu ya njia kabisa. Aliinuka akashika kiuno.

"Makori! Unakimbilia wapi asubuhi hii, kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa, mama."

"Basi pita pembeni, mwanangu. Hapo nimepanda maharagwe."

Nikasimama. Nikamsalimia vizuri, nikamwuliza habari za watoto. Kisha nikapita pembeni, nikitembea.